Uzoefu wangu: kulala kwenye hema juu mlimani, kwenye uwanda wa nyasi usio na choo wala bomba

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda aondoke na kitu: nyota 4 kati ya 5. Ile moja niliyoibania sijaibania sababu ya choo, maana sehemu yenyewe inajulikana tangu mwanzo kuwa haina kitu. Nimeibania sababu zile sehemu za kuweka hema ambazo kila anayefika anazikimbilia ndo mbaya kuliko zote pale juu, na sijaona mtu anayelisema hilo, watu wanaweka picha za maua tu.

Kwa ambao hawajawahi, hii ni kambi ya porini kabisa. Gari linaishia barabara ya changarawe inapoishia, halafu unatembea na begi mgongoni masaa kadhaa ya kupanda, msitu unazidi kuwa mfupi, pumzi inaanza kuwa ya kuhesabu, afu ghafla miti inaacha na unatokea kwenye uwanda mpana wa nyasi, juu kidogo ya mita 3,000, vilele vimeuzunguka, kijito kinapita katikati kinajikunjakunja, maua madogo ya kila rangi. Hamna mapokezi, hamna meza, hamna pipa la taka, taa hamna, netiweki ndo usiulize. Kilichopo ni viduara vya mawe meusi walipowasha moto waliotangulia, na vipande vya ardhi vilivyokanyagwa mpaka vikawa vipara. Hapo ndo unajua watu wanalala wapi.

Sasa tatizo liko hapohapo. Vile vipara viko chini kabisa, uwanda ulipo bapa, hatua chache tu toka majini. Ukifika umechoka unaona pametengenezwa kwa ajili yako, hamna hata jiwe la kuondoa. Lakini usiku hewa ya baridi inateremka. Jua likizama na anga likawa halina wingu, nyasi zinapoteza joto haraka sana, hewa iliyozigusa inapoa na kuwa nzito, inashuka taratibu kwenye miteremko na kwenda kutuama pale chini kama maji kwenye beseni, kwa hiyo aliyelala karibu na kijito amelala ndani ya beseni na mwenzake aliyepanda mita 20 au 30 tu pembeni analala kwenye hewa yenye nafuu, mlima uleule, usiku uleule. Mi hema langu nililiweka ukingoni pale miti inapoanzia, na asubuhi ulikuwa unaona mstari kabisa, huku juu nyasi zina umande wa kawaida, kule chini zimeganda nyeupe pee, na majirani zetu wa kule wanakung'uta barafu kwenye mahema wakisubiri jua liwafikie. Na jua nalo chini linachelewa kufika, maana kilele cha upande wa mashariki kinalikinga.

Kama unadhani natia chumvi, kuna bonde la nyasi kule Marekani jimbo la Utah linaitwa Peter Sinks, liko karibu mita 2,500, tarehe 1 Februari 1985 lilipimwa nyuzi 56 hivi chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa kiangazi? Hapana, ni katikati ya baridi yao, lakini sababu ni hiihii ya hewa kutuama. Pale chini ni nyasi tupu, miti imeota juu kwenye kingo, yaani kinyume na milima tuliyozoea ambako ukipanda ndo miti inaisha. Kwa hiyo ukiona bonde lina nyasi tupu chini na msitu umelizunguka juu, usidhani kuna mtu kafyeka. Mara nyingine ni maji yamejaa ardhini, mara nyingine miche ya miti haivumilii zile baridi za chini, na vyote viwili ni habari mbaya kwa mtu mwenye hema.

Kifaa huhitaji. Jioni jua likishaenda, tembea toka kijitoni kwenda ukingoni polepole, utausikia uso wenyewe unavyobadilika. Ukungu nao unaanzia palepale hewa ilipotuama.

Na hata ungekuwa hujali baridi, watu wa Leave No Trace, wale wa kanuni za kutoharibu pori, wanasema hema likae angalau mita 60 toka kwenye maji, wao wanahesabu kama hatua 70 za mtu mzima. Vile vipara vya pale havifikii hata robo ya hapo. Wanyama nao wanataka kunywa usiku, we umekaa mlangoni kwao. Halafu mimea ya juu vile inakua taratibu mno, msimu wa kukua ni mfupi, ukiikanyaga leo inaweza kuchukua miaka mingi sana kurudi, ndo maana wanashauri uweke hema kwenye changarawe, mwamba, au nyasi kavu, siyo kwenye ile sehemu laini yenye maua hata kama picha itatoka kali.

Hema lenyewe nililobeba ni la watu wawili, lenye kuta mbili, yaani la ndani la wavu na kifuniko cha nje kisichopitisha maji. Kwa mazingira haya sikushauri lile la ukuta mmoja. Mnapumua usiku kucha, mvuke unagonga kitambaa cha baridi unageuka maji, kwenye ukuta mmoja maji yanakudondokea usoni, kwenye kuta mbili yanateremka nje ya wavu. Fungua matundu ya hewa hata kama kuna baridi, najua inauma, ila kufunga kila kitu hakukupi joto la maana, kunakupa mfuko wa kulalia uliolowa, na kama wako ni wa manyoya ya bata basi ukilowa unasinyaa na kazi yake imeisha hapo. Vigingi nilivyopewa na hema vilikuwa vyembamba, vinapinda kwenye ardhi ya mawe, nilikuwa nafunga kamba kwenye mawe makubwa na nikalala vizuri tu.

Kwenye mfuko wa kulalia kuna kitu wauzaji hawakielezi. Ile namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi siyo ya kulala vizuri, ni ya kikomo, yaani mtu amejikunja na bado anavumilia. Tafuta kwenye lebo namba ya starehe, ndo ununue kwa hiyo. Hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu, kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa wa mji ulio chini usiuchukue ulivyo, punguza, halafu ukiwa unalala kwenye beseni punguza tena.

Ila kama una hela ya kitu kimoja tu, usiweke kwenye mfuko, weka kwenye godoro la kupuliza. Manyoya ya chini ya mgongo wako yamegandamizwa na uzito wako, hayakukingi chochote, kinachokukinga na ardhi ni godoro. Yana kipimo kinaitwa R, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndo linavyozuia zaidi joto lako kuingia ardhini. Langu ni R 4 na kitu, na kwenye ardhi ile ilitosha, nilikuwa nasikia baridi miguuni na puani lakini mgongo haukuwa na shida. Rafiki yangu alikuwa na lile jepesi la ufukweni lisilo na kitu ndani zaidi ya hewa, mfuko wake ni mzuri kuliko wangu, na bado usiku alikuwa anageukageuka tu, mwisho akatandika mpaka begi na koti la mvua chini.

Jiko la gesi, hapa sikilizeni. Makopo ya gesi yanafanana kwa nje ila ndani ni tofauti. Butane ya kawaida inaacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0 hivi, kwa hiyo asubuhi kopo limejaa, ukilitikisa linacheza, lakini moto hamna. Chukua mchanganyiko wenye isobutane na propane, isobutane inafika mpaka kama hasi 11 na propane hasi 42. Mi kopo nililala nalo miguuni ndani ya mfuko pamoja na simu na chujio la maji. Simu sababu betri inakufa na baridi, chujio sababu haya ya nyuzi ndogondogo yakishalowa na kuganda yanapasuka ndani, kwa macho liko zima ila linapitisha vijidudu, na huwezi kujua mpaka tumbo likuambie.

Maji ya kijito usiyanywe hivihivi hata yawe yanang'aa vipi. Kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi siyo 100, bado yanaua wadudu vizuri tu, ila ukiwa juu ya mita 2,000 ushauri ni uyaache yachemke dakika 3 badala ya 1. Hiyo nyuzi 90 ndo inayokusumbua kwenye kupika. Chochote cha kuchemshwa muda mrefu acha nyumbani, maharage makavu ndo kabisa, gesi itaisha yakiwa bado yanagonga kwenye sufuria. Beba vitu vya kumwagia maji moto tu ukasubiri.

Choo, najua wengi mmesoma mpaka hapa kwa ajili ya hiki. Ni koleo dogo. Mita 60 toka majini, toka njiani na toka kwenye hema, shimo la sentimita 15 mpaka 20, unafukia. Karatasi unarudi nayo kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Kwa kweli baada ya mara ya kwanza unazoea, na mandhari ya kile choo hakuna hoteli itakayoipata.

Kichwa kiliniuma jioni ya kwanza. Kuanzia mita 2,500 mwili unaweza kulalamika, hewa ya pale juu mgandamizo wake ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani, we uwe mwanamazoezi au usiwe. Kilichonisaidia ni kwamba usiku uliotangulia tulilala chini kidogo, njiani, hatukupanda moja kwa moja toka bondeni. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, unapumzika na haupandi zaidi. Kikizidi, au mtu akaanza kutapika, kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi akiwa amekaa, hamna cha kusubiri asubuhi, mnashuka. Na hii ndo sababu nasema kambi ya namna hii usiende peke yako mara ya kwanza, maana simu haishiki.

Mchana mawingu yanajikusanya mapema, mara nyingi kabla ya alasiri. Ngurumo ikisikika ukiwa pale katikati, kwenye uwanda mtupu we ndo kitu kirefu kuliko vyote. Hema halikukingi na radi hata kidogo, ni kitambaa na vyuma. Tulikuwa tunaingia kwenye msitu wa miti mifupi inayolingana, siyo chini ya mti mmoja mrefu uliojitenga, na tunasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Jua nalo ni kali ajabu, mionzi inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1,000, niliungua masikio na kuna baridi.

Chakula chote na vitu vyenye harufu, pamoja na dawa ya meno, usilale navyo ndani ya hema. Kanuni za kuhifadhi zinategemea wanyama wa eneo lenyewe, ulizia wanaohusika kabla hujapanda.

Kuna watakaouliza kama inafaa kwa watoto. Mi ningepeleka wakubwa wakubwa wanaoweza kusema wanajisikiaje, maana mtoto mdogo hawezi kukuambia kichwa kinamuuma, analia tu na huwezi kutofautisha na uchovu. Kwa wapenzi waliozoea kulala hotelini, ongeeni kwanza kuhusu lile koleo.

Msimu ni baada ya ardhi kukauka. Theluji au mvua zikiwa zimetoka kuisha uwanda mzima unakuwa kinamasi na mbu wanakuwa wengi kuliko nilivyotarajia kwa urefu ule. Piga hatua, nyanyua mguu, kama nyayo yako inajaa maji rudi wiki kadhaa mbele.