Matembezi mazuri, ila yanaishia Forodhani

Nilikuja Unguja kutoka Mombasa kwa harusi ya mpwa wangu, nikabakiwa na alasiri moja tupu. Nikalipia matembezi ya Mji Mkongwe yanayosimulia mapinduzi ya 1964: shilingi 30,000, saa mbili kwa miguu, anayeongoza ni kijana wa hapo hapo.

Kusimulia anajua, simnyimi haki yake. Alitusimamisha nje ya Beit al-Sahel, kasri inayotazama bahari, na hakuanza na mapanga, alianza na kura. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya Hizbu na ZPPP, vyenye viti vilivyobaki, vikaunda serikali chini ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Uhuru tarehe 10 Desemba. Usiku wa kuamkia 12 Januari ghala la silaha la polisi Ziwani likavamiwa. Mwezi na siku mbili tu tangu uhuru! Alipozihesabu kwa vidole, mama mmoja wa Tanga kando yangu aliguna. Na alipofika kwa waliouawa hakutia chumvi wala hakuruka. Alisema hesabu yao inabishaniwa hadi leo, akanyamaza kidogo.

Kisha akanyoosha mkono baharini: Jamshid, Sultani wa Zanzibar, alipanda meli yake, Seyyid Khalifa, akaenda zake. Basi. Tukapelekwa Forodhani, bustani ya ufukweni, kunywa juisi ya miwa.

Hapo mimi mtu wa Mombasa nikabaki na kiu yangu. Meli ile si ilikuja kwetu? Kenya ikamkatalia kushuka, akapitia Dar es Salaam hadi Uingereza. Na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea Ngomeni (Fort Jesus) kwetu hadi Desemba 1963, kwani mwambao wa Kenya wa maili kumi ulihesabiwa wake, mpaka Shamte na Kenyatta walipokubaliana kwa barua Oktoba 1963 kwamba uwe wa Kenya ikipata uhuru.

Halafu, jambo jingine aliloliacha: siku nane tu baada ya mapinduzi, askari wa kambi ya Colito wakaasi Dar. Wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, wakafuata, na serikali zote tatu zikawaita Waingereza. Sisemi Unguja ndiyo iliyowasha moto, maana askari walidai mishahara na maofisa Waafrika. Lakini polisi wa Tanganyika walikuwa wamepelekwa Unguja, Dar ikabaki nyepesi. Muungano wa 26 Aprili, siku 105 baada ya mapinduzi, uliambulia sentensi moja.

Nikamuuliza, "Mwanangu, na Mombasa je?" Akacheka: "Mzee wangu, wageni wakifika hapa huwa wameshachoka." Si uongo, jua la saa nane lilitukaanga.

Nampa nyota nne. Chukueni zamu ya saa kumi, na mkifika ukutani pa kasri mwulizeni meli ilielekea wapi. Akiulizwa anajua, nilimjaribu.