Jiko lipi ununue kwanza: umeme, gesi au mkaa?

Kabla hujaenda dukani, hesabu wiki nzima unapika nini. Nyumba ya maharage na makande haina shida sawa na nyumba ya chai na mayai.

1. Presha kuka ya umeme

Kwa familia yenye umeme wa uhakika, hii naiweka mbele. Wengi wanaihofia kwa ajili ya luku, lakini anayemaliza uniti ni lile jiko la koili linalowaka wazi. Hii hufungia joto ndani, maji yakapita nyuzi 110 bila kukauka, kisha hujizima presha ikitosha. Ya wati 1,000 huivisha maharage kwa chini ya saa moja, na hutumia nusu uniti hivi. Chukua ya lita 5 au 6. Kagua mpira wa mfuniko, na usilipe kabla muuzaji hajakuonyesha mpira wa akiba, maana ndio unaochakaa kwanza. Chapati haipiki.

2. Gesi ya mtungi

Kwa ajili ya chapati, nyumbani kwetu mtungi haujaondoka. Kilo 6 zinamtosha anayeishi peke yake. Wenye watoto wachukue kilo 15. Kilo moja ina nishati ya takribani uniti 13 za umeme, ingawa sehemu kubwa hupotelea pembeni mwa sufuria. Wapo wanaodhani gesi ya mtungi ni ile yetu inayochimbwa kisiwani Songo Songo, Lindi. Ile ni methani, na tangu 2004 inazalisha umeme. Hii ya mtungi ni propani na butani, huja kwa meli, hivyo bei yake hufuata soko la dunia.

Dai mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Toa, kinachobaki ndiyo gesi unayolipia. Ukishafunga mpira wa kupitisha gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama panavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, na harufu yake imetiwa kiwandani ili uigundue ikivuja.

3. Jiko banifu la mkaa

Kama huna budi, nunua lenye udongo wa kuchoma ndani, usio na ufa. Tani moja ya mkaa hula tani 5 hadi 10 za miti. Na usilale nalo chumbani, hata likionekana limezimika: kaboni monoksidi haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini.