Kipokezi cha GPS kwa ajili ya saa sahihi: kipi ununue kwanza

Matangazo ya vipokezi vya GPS hujisifu kwa mita: kifaa hiki kinajua ulipo kwa kukosea mita mbili, kile mita moja na nusu. Anayetaka saa ana swali jingine kabisa. Je, kifaa kinatoa pigo la sekunde, na pigo hilo linaifikia kompyuta kwa njia gani? Ukipata jibu la swali hilo, nusu ya kazi ya kuchagua umeshaimaliza.

Kila setilaiti ya GPS hubeba saa za atomiki, na kipokezi hujua mahali kilipo kwa kupima mawimbi yake yamechukua muda gani kufika. Mwanga husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Kwa hiyo kipokezi kinachokosea mita tatu tu tayari kinaijua saa kwa kukosea takriban nanosekunde 10, hata kile cha bei ya chini kabisa. Ugumu ni kuitoa saa hiyo ndani ya chipu ikufikie ikiwa nzima.

Njia ya kwanza ni maandishi: sentensi za NMEA, muundo wa kawaida ambao vipokezi hutumia kutuma tarehe, saa na mahali. Kwa kasi ya kawaida ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde moja kupita kwenye waya. Sentensi ya herufi 70 huchukua kama milisekunde 70, na kipokezi kinachotuma sentensi sita au saba mfululizo hutumia karibu nusu sekunde kumaliza maneno yake. Tena hakianzi kuzungumza wakati ule ule kila sekunde. Njia ya pili ni waya mmoja unaopanda volteji sekunde inapoanza. Huo ndio PPS (pulse per second), lile pigo la sekunde. Maandishi hukuambia ni sekunde ipi, na pigo hukuambia imeanza lini hasa. Unavihitaji vyote viwili, na kipokezi kisicho na pini ya PPS hakifai kwa kazi hii hata kiwe kizuri namna gani kwenye ramani.

Sasa orodha yangu, kuanzia juu.

Nafasi ya kwanza naipa moduli iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya saa, kama hizi za kampuni ya u-blox: NEO-M8T au LEA-M8T, na ukiikuta LEA-6T iliyotumika lakini nzima, ichukue bila wasiwasi. Wengi huziruka kwa kudhani ni za maabara tu. Mimi nazipendekeza hasa kwa mtu ambaye antena yake itakaa dirishani. Kipokezi cha kawaida kina mambo manne ya kutafuta kila mara: mahali kwa pande tatu, pamoja na saa. Kwa hiyo kinahitaji setilaiti nne, na dirisha linaloona upande mmoja wa anga mara nyingi halizipati. Moduli ya saa hujipima kwanza mahali ilipo kwa saa kadhaa, kisha hulihesabu hilo kuwa jambo linalojulikana. Kuanzia hapo kinachobaki kutafutwa ni saa peke yake, na setilaiti moja inatosha kuendelea kutoa pigo. Tofauti utaiona kwenye grafu siku ile ile: palipokuwa na mapengo na mirukomiruko panakuwa na mstari uliotulia. Kipe tu muda mrefu wa kujipima, kwa sababu mahali palipopimwa kwa haraka dirishani huweza kukosea mita nyingi, na kila mita tatu za kosa zinaweza kuingia kwenye saa kama nanosekunde 10.

Moduli hizi zina faida nyingine. Chipu haiwezi kutoa pigo popote inapotaka. Hulitoa kwenye mdundo wa kristali yake ya ndani, na midundo hiyo imeachana kwa nanosekunde 20 hivi, ndiyo maana pigo hucheza mbele na nyuma. Moduli ya saa hukutajia kabla ya kila pigo litakosea kiasi gani, nawe ukalitoa kosa hilo kwenye vipimo vyako. Kwa seva ya saa ya nyumbani, yaani kompyuta inayozipa nyingine saa, hutaliona hata kidogo, lakini siku utakapoanza kulinganisha saa mbili, utafurahi kuwa unayo.

Ya pili ni moduli ya kawaida yenye pini ya PPS, kama NEO-6M, NEO-M8N au Adafruit Ultimate GPS. Kama antena itakaa juu ya paa na lengo ni saa ya kompyuta, hii inakutosha, na tofauti kati yake na ya kwanza itamezwa na kompyuta yenyewe. NEO-6M huahidi pigo lenye kosa la nanosekunde 30. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ikilipokea pigo hilo kwa pini huchelewa mikrosekunde kadhaa kulitambua, na huchelewa tofauti kila mara. Mikrosekunde moja ni nanosekunde 1000, kwa hiyo huna sababu ya kulipia nanosekunde ambazo mashine haiwezi kuzihesabu.

Kuunganisha ni rahisi: umeme, ardhi, waya wa data, na PPS kwenye pini ya GPIO 18 ya Raspberry Pi. Programu ya gpsd husoma sentensi, na chrony hushika usukani wa saa. Ukiandika chronyc sources ukaona nyota mbele ya mstari wa PPS, saa yako sasa inafuata setilaiti.

Angalia vizuri bodi kabla ya kulipa. Nyingine zina matundu manne tu, VCC na GND za umeme, TX na RX za data, na PPS haimo. Mara nyingi taa ndogo ya bodi hizo imeunganishwa na pini hiyo hiyo ya PPS, ndiyo maana huanza kupepesa mara moja kila sekunde kipokezi kikishapata setilaiti. Mwenye mkono mtulivu anaweza kulehemu waya mwembamba hapo. Jihadhari pia na chipu bandia: zipo moduli zenye jina la NEO-M8N juu na chipu nyingine kabisa ndani. Iulize kwa amri ya MON-VER ya u-blox. Halisi hujibu kwa kutaja toleo la programu yake, na bandia nyingi hunyamaza.

Nafasi ya tatu ni ya mtu mwenye haja tofauti: GPSDO, yaani kifaa ambacho ndani yake GPS hukiongoza kioseleta kizuri, sehemu inayotoa mdundo wa umeme. Hapa hununui saa tu, unanunua masafa, yaani mdundo usioyumba. Trimble Thunderbolt ndiyo iliyopendwa zaidi miongoni mwa wapenzi wa fani hii. Hutoa MHz 10 kutoka kwenye kioseleta kinachotunzwa kwenye joto lisilobadilika, pamoja na pigo la sekunde, na setilaiti zikipotea kioseleta huendelea kuishikilia saa vizuri kwa muda. Kama una redio, kihesabu masafa au vyombo vingine vya kupimia, hii kwako inapanda hadi nafasi ya kwanza. Lakini hutaka umeme wa volti 12, volti hasi 12 na volti 5 kwa pamoja, hula umeme mwingi kuliko moduli, na nyingi utakazozipata zimeshatumika miaka mingi.

Tena kuna suala la tarehe. GPS huhesabu wiki kwa biti 10, kwa hiyo hesabu hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024. Ilitokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na itatokea tena Novemba 2038. Vifaa vya zamani huwa na mpaka wao wenyewe kulingana na programu iliyomo: Thunderbolt za zamani zilivuka wao mwishoni mwa Julai 2017 na kujikuta Desemba 1997. Pigo na MHz 10 havikuharibika, na programu ya Lady Heather huirekebisha tarehe. Kwa hiyo usikimbie kifaa cha namna hiyo, ila usikinunue bila kujua.

Garmin GPS 18x LVC naiweka ya nne. Antena na kipokezi vimo ndani ya kidonge kimoja kisichoingiza maji, waya una urefu wa mita 5, na pigo lake huahidi kosa la mikrosekunde moja. Kwa anayetaka kufunga kitu nje na kukisahau, bado ni chaguo la heshima.

Moduli za masafa mawili kama ZED-F9T nimeziweka ya tano, ingawa kwa ubora zinazishinda zote. Kwa kusikiliza masafa mawili huweza kuondoa ucheleweshaji wa ionosfera, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, na kufika nanosekunde 5. Lakini zinadai antena ya masafa mawili, na kifaa cha kupimia kinachoweza kuona nanosekunde hizo. Usipokuwa nacho, subiri.

Mwisho kabisa ni vile vidude vya USB visivyo na PPS. Kwa anayerusha FT8, aina ya ujumbe wa kidijitali wa redio za ridhaa, porini bila intaneti, vinatosha kabisa, kwa kuwa FT8 huvumilia kosa la sekunde moja hivi. Kwa anayepima muda wa nyota kufunikwa na asteroidi, havifai. Na hata chenye PPS kikipitia USB, kompyuta hukiuliza kwa vipindi vya milisekunde moja, na uzuri wa pigo huishia hapo.

Kabla hujaagiza, panga bajeti ya antena kwanza. Antena nzuri inayoona anga yote kwenye moduli ya pili hushinda moduli ya kwanza iliyofichwa nyuma ya ukuta wa zege. Hakikisha volteji ambayo kipokezi hutuma kwenye waya wa antena inalingana na antena uliyonayo, 3.3 au 5. Waya wenyewe huchelewesha pigo kama nanosekunde 5 kwa kila mita, na moduli nyingi hukuruhusu kuandika kiasi hicho kwenye mipangilio. Na siku ya kwanza ukikuta saa imekosea sekunde nzima, usirudishe kifaa. GPS haihesabu sekunde za nyongeza, na tangu Januari 2017 iko sekunde 18 mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia. Tofauti hiyo setilaiti huitangaza mara moja kila dakika 12 na nusu, kwa hiyo kiache kisikilize robo saa nzima, ndipo ukilinganishe na seva nyingine.