Duka la vifaa vya michezo Ngamiani: mara ya kwanza nilitoka na hasira, ya pili nikatoka na raba

Nimeenda kwenye hili duka zaidi ya mara tatu kwa hiyo nadhani naweza kulisemea. Jina silitaji, kuna mazuri na mabaya nitayasema yote na sitaki kumharibia mtu riziki, ila nyie wa Tanga wenzangu mnazijua hizi barabara za Ngamiani zilivyo na maduka ya jezi na raba, ni mojawapo humo humo, jezi zimetundikwa mpaka mlangoni, Simba, Yanga, na za Coastal nyekundu na nyeupe, mpaka uzipangue kwa mkono ndo upate kuingia ndani.

Kwanza niseme kwa nini mtu mzima kama mie nimeingia duka la michezo. Nina sukari. Mwaka jana kliniki wakaniambia dawa peke yake haitoshi, nitembee haraka haraka au nikimbie taratibu nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ukijumlisha ndo zile dakika 150 wanazozihimiza kila siku. Basi mie na shoga zangu wawili tukaanza, tukishaswali alfajiri tunakutana Chumbageni, tunapita Bombo, tunakwenda mpaka Raskazone ndo tunageuza, upepo wa bahari unakupiga usoni, jamani raha. Tatizo nilikuwa nakimbia na dera na raba za mwanangu wa kiume. Dera linajaa upepo, raba inapwaya, na kwa mwenye sukari kiatu kinachopwaya au kinachobana sio jambo dogo, manake lengelenge ambalo kwa mwenzio linapona siku tatu kwako linaweza kugeuka kidonda, na usikisikie mapema kwa sababu miguu ikishapungua hisia haikwambii kitu. Kwa hiyo muuzaji anayejua anachokiuza kwangu mie ni afya yangu kabisa.

Mara ya kwanza nilienda Jumamosi asubuhi. Kaunta yupo kijana mmoja, simu mkononi anaangalia marudio ya mpira. Nikasalimia, akaitikia macho yapo kwenye simu. Nikamwambia mwanangu natafuta raba ya kukimbilia na nguo ya mazoezi ya kujisitiri, mikono mirefu, isiyonibana. Akanyoosha kidole kwenye jezi, "zile pale mama, fri saizi". Nikauliza za kike hamna? Akasema hizo hizo wanavaa wote. Nikaomba nijaribu, akaniambia hakuna pa kujaribia, chukua tu mama itakutosha inavutika. Raba akaniletea ya mguu mmoja, namba 39, nikaivaa nimesimama huku nimeshika kaunta maana hata kiti hakuna, nikamwambia kidole gumba kinagusa mbele. Akasema "itaachia ukishaizoea".

Hili la itaachia naomba mlisikie vizuri kwa sababu tunaambiwa karibu kila duka. Kiatu cha ngozi ndio, ngozi inatanuka ukiivaa. Raba ya kukimbilia haiko hivo, ile juu ni wavu wa nyuzi za plastiki na mbele imegundishwa na mpira, ikikubana dukani itakubana Bombo na itakubana Raskazone mpaka kucha iwe nyeusi. Ukiambiwa itaachia vua, mrudishie.

Halafu nikamuuliza kama wana mtandio wa michezo, ule wa kuvaa kichwani unaoshika bila pini. Akacheka, "mazoezi na mtandio wapi na wapi mama". Hapo ndo nikaumia kweli. FIFA wameruhusu mtandio uwanjani tangu 2014, wale wa kikapu wa dunia nao wakaruhusu 2017, na mwaka huo huo wa 2017 Nike wakatangaza hijabu yao ya michezo, leo kijana wa Tanga, mji ambao sie wanawake tunaojisitiri tumejaa kila kona, anamcheka mama mtu mzima dukani kwake. Kama huna mzigo sema sina mama, naondoka kwa amani. Sikununua kitu siku ile, nilitoka na hasira mpaka nyumbani Makorora.

Nisingerudi kabisa. Ila shoga yangu akanambia pale jioni kuna binti anakaa, nenda baada ya alasiri, na kwa miguu ni bora zaidi maana jioni mguu umeshavimba kidogo, kiatu ulichokipima jioni hakitakubana saa yoyote. Hilo la jioni nalo ni kweli, tena kwa wote sio wagonjwa tu.

Nikaenda. Binti akainuka, "shikamoo mama, karibu ukae kwanza", akanivutia stuli. Marahaba mwanangu. Halafu akaanza maswali, na hayo maswali ndo yaliyonifanya niandike yote haya. Unakimbia wapi mama, kwenye lami au mchangani? Mara ngapi kwa wiki? Soksi zako nene au nyepesi? Miguu ina shida yoyote? Nikamwambia nina sukari, akasema basi tusiharakishe. Akachukua boksi la viatu akalipasua, akalilaza chini kwenye ukuta, nikasimama kisigino kimegusa ukuta, akaweka alama kwa peni kwenye kidole kirefu akapima na futi ya fundi cherehani. Kulia sentimita 24.5, kushoto 24.8. Akasema miguu ya watu wengi hailingani mama, tunafuata mkubwa. Akanifunulia ulimi wa kiatu akanionesha lebo, kuna UK namba za Uingereza, kuna US za Marekani, kuna EU za Ulaya na kuna CM yaani sentimita. Hizo US za kike na za kiume haziko sawa, na hata EU kampuni hii na ile zinapishana kidogo, kwa hiyo yeye anatazama CM, halafu mbele ya kidole lazima ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono. Nikatoka na 40 iliyoandikwa 25.5. Yule kijana alitaka kunipa 39!

Na sio hivo tu, kabla sijavaa akatia mkono ndani ya kiatu akapapasa pote, akanambia nifanye hivo kila asubuhi, kijiwe kidogo tu au mshono uliosimama unaweza kunichubua nisijue. Akanichagulia soksi zisizo na mpira mkali kwenye kifundo. Akanitembeza kule mwisho wa duka na kurudi mara nne tano. Kulikuwa na raba nyingine nzuri kwa macho, ina nembo kubwa ya kampuni ya nje, nikaipenda, akanambia waziwazi "mama hiyo ni kopi, sio orijino, ndo maana bei iko vile, soli yake ngumu, kwa miguu yako sikushauri". Hiyo raba ilikuwa ghali kuliko niliyoichukua. Niambieni ni wauzaji wangapi wanafanya hivo. Niliyochukua ilikuwa 85,000, tukavutana nikalipa 78,000.

Nguo sasa. Mie nilikuwa na fikra ya pamba, nimezoea pamba ndo ya joto. Binti akasema kwa kukaa nyumbani sawa, kwa kukimbia hapana, pamba inakunywa jasho na kubaki nalo, inakuwa nzito, inasugua kwapani na mapajani. Polista nyepesi inalitoa jasho nje likakauke. Nimeshaijaribu na huu unyevu wetu wa kipindi cha kaskazi ni kweli kabisa, nafika Raskazone fulana imelowa, tukigeuza mpaka Bombo imeanza kukauka. Ubaya wake inashika harufu, kwa hiyo nikifika nyumbani naiosha hapo hapo, siiweki kwenye tenga, na ile dawa ya kulainisha nguo usitie maana inaziba nyuzi haipitishi tena jasho, pasi ya moto nayo usiilete karibu. Nikachukua fulana ya mikono mirefu 25,000, suruali ya traki pana, na taitsi ya kuvaa ndani yake 20,000. Taitsi aliniambia niinue juu kwenye taa niivute kwa mikono miwili, ukiona vidole vyako upande wa pili iache, na ukiijaribu inama kabisa sio usimame tu mbele ya kioo.

Nikamuuliza nijaribie wapi, si hakuna chumba? Akatoa kanga yake mwenyewe kwenye mkoba, akaitundika mlango wa stoo, akasimama nje akaishika mpaka nikamaliza. Duka lile lile, kijana alisema hakuna pa kujaribia.

Mara ya tatu ni baada ya wiki mbili na kitu, ile taitsi ikafumuka mshono ndani ya paja. Haikubana, nilivyoigeuza nikaona uzi umeruka, mashine imeacha nafasi kama inchi moja haijashona kabisa. Nikairudisha na risiti yangu, nashukuru binti alinipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila hata kuombwa. Bahati mbaya nikamkuta kijana. Hakuitazama hata nguo, akanionesha karatasi ukutani, "mali ikishauzwa hairudishwi". Nikamwambia mwanangu, hiyo karatasi ni kwa mtu aliyebadilisha mawazo, mie nimeleta kitu kibovu. Na kweli ndivyo ilivyo, mtoto wa dada yangu anasoma sheria alinieleza, ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, ile iliyoanzisha FCC yaani Tume ya Ushindani, inamkataza muuzaji kukudanganya kuhusu haki zako, na ile sheria ya mauzo ya bidhaa nayo inadai kitu kiwe na ubora unaofaa kuuzwa, kwa hiyo kukubandikia karatasi hakufuti kasoro ya kiwandani. Kijana akanambia mama usinisomee sheria hapa.

Tukipandishiana, akatoka mzee mwenye duka nyuma. Shikamoo, marahaba, kuna nini? Nikampa taitsi. Akaigeuza, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema "hii imekosewa kushonwa". Maneno matatu tu na hasira zangu zote zikashuka. Akanipa nyingine, akataka niongeze 5,000 kwa kuwa ni mzigo mpya, nikakataa, akanyamaza kidogo akasema haya chukua mama. Hapo namsifu. Lakini ile karatasi bado iko ukutani, nimeiona wiki iliyopita, na yule kijana hajanambia samahani mpaka leo. Mzee kama utasoma haya au wanao watakusomea, binti wako ndo duka lako, mpe asubuhi pia, na yule kijana akae naye pembeni japo mwezi ajifunze kuuliza maswali.

Mengine kwa ufupi: lipa namba wanayo, pesa taslimu pia, bei zinapungua ukiongea vizuri. Feni moja tu na mchana mle ndani ni tanuri. Ijumaa wanafunga kwa ajili ya swala wanafungua tena kama saa nane na nusu. Njumu za watoto wa shule nimeona wanazo nyingi. Saizi kubwa za kike ni chache mno, fulana ya XL yao mie imenitosha kwa kujipenyeza na wala sio mnene hivo, watu wa miili wakasirike kwa haki.

Mtandio sikuupata. Nimenunua kitambaa cha kuvutika nusu mita nikampelekea fundi, kanishonea miwili kwa 6,000, inashika kichwa vizuri hata upepo wa Raskazone hauitoi. Mmoja nikampelekea yule binti wa dukani auone, akaupiga picha akasema atamuonesha mzee kama wanaweza kuagiza au kumpa fundi huyo huyo kazi ashone ya kuuza. Dada yangu wa Pongwe naye anataka raba ila mguu wake mpana, za upana ule hawana kwa sasa, binti kaandika namba yake kwenye daftari atampigia mzigo ukifika.