Oili ya injini: usinunue kwa kutazama kiputo

Mwaka jana nilinunua oili kwa macho. Muuzaji alishika chupa mbili, akazipindua kichwa chini kwa pamoja. Ndani ya moja kiputo cha hewa kilipanda mbio. Ndani ya nyingine kilijivuta taratibu kana kwamba kinapita kwenye asali. "Hii ndiyo nzito, hii ndiyo inalinda injini," akaniambia. Nikaichukua hiyo. Haikuisha wiki, kila nikikwama kwenye foleni injini ikiwa imepata moto, taa nyekundu ya presha ya oili ikaanza kumetameta.

Fundi hakuhitaji hata kufungua kitu. Alisoma daraja la oili kwenye chupa tupu iliyokuwa kwenye buti: SAE 30. Kitabu cha gari kinataka 5W-40, na ile niliyoiacha dukani ndiyo iliyokuwa 5W-40.

Kiputo kinasukumwa juu kwa sababu oili inaizidi hewa uzito, na joto haliigusi sana tofauti hiyo. Lita ya oili yenye gramu 880 hivi kwenye nyuzi 15 bado ina gramu 820 na ushee kwenye nyuzi 100. Kinachoporomoka ni mnato, yaani ule ugumu wa oili kutiririka unaokichelewesha kiputo. SAE 30 ya kawaida ina mnato wa kama 95 (milimita mraba kwa sekunde) kwenye nyuzi 40, lakini kwenye nyuzi 100 inabaki na 11 hivi. 5W-40 inaanza na 85, inaishia kwenye 14. Yaani zinapishana njiani! Iliyo nyepesi dukani ndiyo nzito ndani ya injini iliyochemka, na huko ndiko vyuma vinakosuguana.

Kwa hiyo siku hizi, nikishahakikisha daraja ni lile la kwenye kitabu, natafuta namba moja tu: fahirisi ya mnato. Watafiti Dean na Davis waliibuni mwaka 1929, wakaipa sifuri oili ya pwani ya Ghuba ya Meksiko, Marekani, iliyolegea vibaya kwa joto, na 100 ile ya Pennsylvania iliyovumilia. Namba ikiwa kubwa, oili haiyumbi sana kati ya baridi na moto. Haiandikwi kwenye chupa. Iko kwenye karatasi ya taarifa za kiufundi, na kampuni nyingi huiweka kwenye tovuti zao.

Chaguo langu la kwanza ni Mobil 1 0W-40, na sifichi kwamba naipendelea. Ni sinthetiki (ya kuundwa kiwandani), fahirisi yake inapita 170, na karatasi yake inaonyesha mnato wa nyuzi 40 na wa nyuzi 100 bila kukuzungusha. Ile 0W inamaanisha asubuhi ya baridi oili inafika juu ya injini upesi. Ile 40 inamaanisha ikichemka bado ina mwili. Kama kitabu chako hakiruhusu daraja hilo, usiinunue kwa sababu yangu.

Ya pili ni sinthetiki yoyote ya 5W-40 yenye fahirisi ya 160 kwenda juu. Ya tatu ni nusu-sinthetiki ya 10W-40, inayofaa ukiwa mwaminifu wa kubadilisha mapema.

15W-40 ya madini (iliyochujwa kutoka mafuta ghafi) itasukuma injini ya zamani. Zile za namba moja, SAE 30 au SAE 40, waachie wenye mashine zilizoandikiwa hizo.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ukiuliza fahirisi wanakutazama kama umeuliza umri wao, kisha wanapindua chupa. Bei inapanda chupa ikiwa na rangi ya dhahabu, na hakuna anayeweza kukuambia kilichoongezeka ndani. Halafu chupa zenyewe wanazipanga nje juani. Chupa ileile ambayo asubuhi kiputo chake kilijivuta, saa nane mchana kiputo kinakimbia, na mteja anaambiwa hii siyo nzuri, achukue ile ya kwenye kivuli.