IELTS kwa walimu wa India wanaoomba usajili ng'ambo: kipi ulipie kwanza, kipi uache

Mwalimu aliyefundisha fizikia kwa Kiingereza miaka kumi katika shule ya CBSE, bodi ya taifa ya elimu ya India, hana haja ya kufundishwa Kiingereza upya. Anachohitaji, katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza wenye alama zinazofika 9, ni kuvuka kutoka 6.5 hadi 7 katika kuandika, na kutoka 7.5 hadi 8 katika kuzungumza. Kazi hiyo ni finyu, na vitu vingi vinavyouzwa madukani na mitandaoni havikutengenezwa kwa ajili yake.

Vituo vya tuisheni vilivyojaa Jalandhar na Ludhiana, miji ya jimbo la Punjab, vilikua kwa kuwahudumia vijana wanaotafuta viza ya masomo, ambao wakipata 6 au 6.5 safari imeiva. Kule Kerala, wateja wakubwa ni wauguzi. Mwalimu anaingia katika soko lililowalenga wengine, analipa ada ileile, halafu anafundishwa kupata alama ambayo pengine tayari anayo. Inaniuma kuona mtu mwenye mshahara wa shule binafsi akimaliza akiba yake kwa njia hiyo. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: kitu hiki kitampandisha mwalimu ile nusu alama inayomkwamisha?

Jua kwanza unatafuta alama ngapi

Australia ndiyo ngumu kuliko zote. AITSL, taasisi inayopima sifa za walimu wanaoomba kuhamia huko, inataka IELTS Academic (aina ya kitaaluma ya mtihani huo) yenye 7 katika kusoma na kuandika, na 8 katika kusikiliza na kuzungumza. Wanaosamehewa ni waliosoma miaka minne ya elimu ya juu, ualimu ukiwamo, Australia, Canada, Ireland, New Zealand, Uingereza au Marekani. India haimo, hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu chekechea. (Kenya na Tanzania nazo hazimo, hivyo mwalimu wa Nairobi au Dar es Salaam anayeelekea huko anaweza kuufuata ushauri huu kama ulivyo.)

New Zealand, kwa anayetakiwa kufanya mtihani, ni 7 katika kila stadi. Ontario, Canada, wastani uwe 7, kuandika na kuzungumza zisipungue 7, kusoma na kusikiliza zisipungue 6.5.

England ni habari nyingine kabisa. Tangu Februari 2023, walimu wa India wa hisabati, sayansi na lugha wanaofundisha wanafunzi wa miaka 11 hadi 16 wanaweza kuomba hadhi ya mwalimu aliyehitimu, QTS, moja kwa moja. Kiwango cha Kiingereza ni B2 kwenye ngazi za lugha za Ulaya, ambacho kwa IELTS ni 5.5, na barua ya chuo kikuu inayothibitisha kwamba shahada yako ilifundishwa kwa Kiingereza inaweza kutosha. Kama safari yako ni ya England, ifuatilie barua hiyo kabla ya kutoa hata rupia moja ya kozi.

Jambo jingine la kukagua kabla ya kufungua pochi ni vyeti. AITSL inataka angalau miaka minne ya elimu ya juu, ndani yake ukiwamo mwaka mmodi wa mafunzo ya ualimu, pamoja na siku 45 za mazoezi ya kufundisha chini ya usimamizi. Mwenye B.Sc. (shahada ya sayansi) ya miaka mitatu na B.Ed. (shahada ya ualimu) kwa kawaida anafika. Mwenye shahada bila B.Ed. hana sababu ya kulipia mtihani kwa sasa, hata awe fasaha kiasi gani.

1. Msahihishaji wa insha

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi zaidi kuliko penginepo. Kuandika ndiko kunakowaangusha watu wenye Kiingereza kizuri, na hakuna kitabu kitakachokuonyesha kosa ambalo wewe mwenyewe hulioni.

Walimu wana makosa yao. Katika kazi ya kwanza, ile ya maneno 150 kuhusu grafu au jedwali, mwalimu wa hisabati huorodhesha kila namba aliyoiona na kusahau kusema picha nzima inaonyesha nini. Bila sentensi ya muhtasari wa mwelekeo mkuu, alama haipandi. Katika insha ya maneno 250, mwalimu wa Kiingereza aliyezoea kusifiwa kwa lugha ya mapambo huweka semi alizokariri na kuuchelewesha msimamo wake hadi aya ya mwisho. Insha hiyo ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza, kwa hiyo usikubali kifurushi kinachozigawa sawa kwa sawa.

Msahihishaji anayefaa hutoa alama kwa vigezo vinne mbalimbali: kujibu swali, mtiririko, msamiati, na sarufi. Kisha anakwambia ni kigezo gani kinachokushusha. Lipia insha moja kwanza. Ikirudi na nyekundu za tahajia na nukta peke yake, huyo amekagua sarufi tu, tafuta mwingine. Ikirudi na 7.5 bila maelezo, usinunue kifurushi chake pia. Ukimpata anayesema wazi kwamba aya ya pili haijajibu swali, na kwa nini, mng'ang'anie. Insha chache zilizosahihishwa hivyo, ukaziandika upya na kuzirudisha, zina faida kuliko miezi miwili ya kukaa darasani.

2. Vitabu vya mitihani halisi

Kwa bei ndogo hakuna kinachovishinda. Vitabu vya mitihani ya mazoezi vinavyochapishwa na Cambridge vina maswali ya watungaji wenyewe, na toleo la India hupatikana kwa mamia ya rupia, si maelfu. Ukiwa Delhi, maduka ya Nai Sarak ni mahali pazuri pa kuanzia. Viwili au vitatu vya karibuni vinatosha, tena hakikisha unapata na sauti zake. Tovuti za IELTS na za IDP, kampuni inayoendesha mtihani huu India, nazo zina mazoezi ya bure; yamalize kabla ya kununua chochote.

Vitabu hivi navipenda zaidi kwa ajili ya kusikiliza. Kupata 8 kunataka majibu sahihi kama 35 kati ya 40, yaani una ruhusa ya kukosea matano tu. Sauti husikika mara moja. Neno ulilolisikia vizuri ukalikosea tahajia limepotea. Wingi uliouandika kama umoja umepotea pia. Wengi huishia 7.5 kwa makosa ya namna hiyo, si kwa kutoelewa. Weka daftari la kila jibu ulilokosa na sababu yake. Baada ya mitihani kadhaa utaona ni sababu zilezile mbili au tatu zinazojirudia. Na kwa sababu utawasikia Waaustralia na Waingereza, sikiliza redio zao kila siku ukiwa njiani kwenda shule. Hiyo ni bure.

Kusoma hakuhitaji bajeti: karibu 30 kati ya 40 kwa dakika 60 ndiyo 7, na mazoezi ya saa mkononi yanatosha.

3. Mtihani wa mazoezi wa kuzungumza, wa ana kwa ana au kwa video

Usahili wenyewe ni wa dakika 11 hadi 14. Nunua vikao vichache, vyenye kurekodiwa, na mtu asiyekufahamu. Mwenzako wa chumba cha walimu atakuelewa hata ukimeza maneno.

Lafudhi ya Kihindi si kosa, wala usimlipe mtu anayeahidi kukuondolea. Mtahini anapima kama unaeleweka bila taabu. Kinachowashusha walimu ni kasi, na mazoea ya kuhutubia: swali dogo kuhusu mtaa wako linajibiwa kama mada ya gwaride la asubuhi. Kingine ni yale matumizi ya wakati wa kuendelea kwa vitenzi vya hali (kama "I am knowing"), ambayo nchini India hakuna anayeyashtukia kwa kuwa kila mtu huzungumza hivyo, lakini kwenye kigezo cha sarufi yanahesabiwa. Majibu ya kukariri hugunduliwa upesi. Kusikiliza sauti yako mwenyewe ndiyo dawa, ndiyo maana nasisitiza kurekodiwa.

4. Darasa dogo la mtandaoni

Linafaa kama huna nidhamu ya kusoma peke yako, au hujafanya mtihani wowote tangu B.Ed. Uliza maswali mawili: mko wangapi, na wenzako wanatafuta alama ngapi? Ukiambiwa wengi wanataka 6.5, sogea mbele.

5. Kituo kikubwa cha tuisheni

Ubora wake pekee kwa mwalimu ni mitihani kamili ya Jumamosi yenye mazingira ya kweli. Vingi hukubali kuiuza peke yake. Nunua hiyo, acha kozi.

6. Programu za simu na video za kulipia

Msamiati na maelezo ya muundo wa mtihani vimejaa bure. Sioni sababu ya kuvilipia.

Visivyofaa kununuliwa

Kozi ya IELTS General Training, hata kama wakala amekwambia ndiyo ya uhamiaji: AITSL inataka Academic. Kozi ya OET, ambayo ni ya wahudumu wa afya, ingawa Kerala imejaa madarasa yake. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, kwa sababu tu ya unafuu wa bei. PTE Academic, mtihani mwingine wa Kiingereza unaofanywa kwa kompyuta, ni wa heshima, na ukizungumza kwa utulivu mbele ya maikrofoni unaweza kukufaa, lakini ulipie pale tu ambapo mamlaka unayoiomba imeutaja kwa jina.

Anayeahidi alama za uhakika, karatasi iliyovuja au cheti bila kukaa mtihani ni mwizi. Mamlaka huhakiki matokeo moja kwa moja mtandaoni, na udanganyifu ukigundulika unapoteza maombi yote.

Jinsi ya kugawa pesa

Ada ya mtihani nchini India ni zaidi ya rupia 17,000, na tangu 2021 IDP ndiyo pekee inayouendesha huko. Kurudia mtihani mzima ni hasara kubwa kuliko gharama ya msahihishaji, kwa hiyo usichague tarehe mpaka upate alama unayoitaka katika mitihani miwili ya mazoezi mfululizo. Palipo na chaguo, chukua wa kompyuta kama unaandika haraka kwa kibodi. Matokeo hutoka ndani ya siku chache, na mlango wa kurudia stadi moja tu ndani ya siku 60 unabaki wazi. Mlango huo una sharti: si kila mamlaka inaupokea, hivyo waandikie na upate jibu kabla ya kulipa.

Ukikosa kwa nusu alama katika kuandika au kuzungumza huku mazoezi yako yalikuwa juu, omba matokeo yapitiwe upya ndani ya wiki sita. Alama ikibadilika, unarudishiwa ada ya ombi hilo.

Kisha kuna suala la muda. AITSL inapokea matokeo yasiyozidi miezi 24. Nakala za alama za chuo kikuu na barua ya mazoezi ya kufundisha zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko maandalizi yenyewe, kwa hiyo ziombe wiki ileile unayoagiza kitabu cha kwanza.