TAHADHARI: Kalibu za "askari wa Mkwawa" zinazouzwa Iringa na Mbeya

Wadau wa Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna watu wanapita kwenye vikundi vya vijana, VICOBA na magrupu ya WhatsApp wakiuza seti ya vifaa vya kutengenezea sanamu ndogo za askari wa vita vya Wahehe na Maji Maji. Ndani ya boksi kuna kalibu mbili za silikoni, kilo 2 za risasi (metali nzito, si ya bunduki), chupa ndogo za rangi, brashi na mkataba. Maneno yao ni haya: wewe subu (yaani yeyusha metali umimine kwenye kalibu), paka rangi, sisi tutanunua kila kipande, maana Wazungu wanagombania. Unalipa kwanza, kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi. Ukipeleka mzigo unaambiwa haujapita ukaguzi. Ukibisha, unaambiwa ulipie mafunzo ya awamu ya pili.

Wengi wananaswa kwa sababu nusu ya maneno yao ni kweli. Wakusanyaji wa askari wadogo wapo, na wengine wana hela. Tangu kampuni ya William Britain ya London ianze mwaka 1893 kusubu askari wenye uwazi ndani, makabati ya watu hawa yamejaa walinzi wa Malkia, Waterloo na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Afrika imo kidogo tu: Wazulu, Makaburu, askari wa KAR (jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), na katika miaka ya 1930 Wahabeshi. Aliyekwisha kujaza kabati huanza kutafuta kile ambacho mwenzake hana. Hapo ndipo Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani, inapopata mteja, na Kalenga ya Oktoba 1894, ngome ya Mkwawa ilipotekwa, na Maji Maji ya 1905 hadi 1907, na kikosi cha jenerali Mwingereza Northey kilichopanda kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1916 kikachukua Tukuyu kisha Iringa. Watengenezaji wadogo wa Ulaya wanao askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani la makoloni, lakini wengi ni wa milimita 28, wa michezo ya vita mezani. Wa milimita 54, saizi ya kabatini, ni haba.

Sasa sikilizeni. Mteja wa namna hiyo ndiye mgumu kuliko wote. Amesoma, anahesabu vifungo vya koti, na ananunua kwa mtengenezaji anayemjua kwa jina. Hanunui mzigo wa vipande mia tano kutoka kwa wakala asiye na jina. Atakayekwambia soko hili linameza kila utakachosubu, ama halijui ama anakudanganya. Mimi naamini la pili, kwa sababu boksi lenyewe limepangwa ili ushindwe.

Tuanze na mkuki. Askari wa milimita 54 ni mtu aliyepunguzwa mara 32: mita 1.73 gawa kwa 32. Kwa kipimo hicho, mkuki wa mita 1.8 unakuwa na urefu wa milimita 56, na mpini wa unene wa sentimita 2.5 unakuwa chini kidogo ya milimita 0.8. Kalibu zao zina mkuki uliochongwa pamoja na mkono, kama tundu jembamba refu. Risasi ikifika mle inapoa na kuganda katikati ya njia, na hewa iliyokuwemo haina pa kutokea kwa sababu hakuna njia ya hewa kwenye ncha. Matokeo yake ni Mhehe mwenye kijiti cha sentimita mbili mkononi, kila mara. Anayeijua kazi hasubu mkuki kabisa. Anasubu ngumi tupu, anaitoboa kwa keekee ya milimita 0.8, anapitisha waya wa shaba ya njano au chuma chembamba, ncha anaifua bapa kwa nyundo. Kalibu yenye mkuki ndani ni dalili ya kwanza.

Ya pili ni silikoni. Risasi tupu inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na ili itiririke vizuri inamiminwa ikiwa na moto zaidi ya hapo. Silikoni ya kawaida, ile nyeupe ya kusubia plasta, sabuni au rezini, haihimili joto hilo. Itatoa vipande vichache vya kuridhisha, kisha kingo zinaanza kumeguka, sura ya askari inapotea, na mstari wa maungio unakuwa mnene. Mafundi wa vitu hivi hutumia silikoni maalumu ya joto kali pamoja na mchanganyiko wenye bati halisi na antimoni, unaoyeyuka kwa joto la chini ya risasi tupu. Au wakitaka risasi wanatumia kalibu ya chuma au alumini. Kukuuzia silikoni ya sabuni pamoja na risasi tupu ni kukuuzia kitu kitakachokufa kabla mkataba haujatimia. Mwambieni muuzaji amimine vipande kumi mfululizo mbele yenu kwa kalibu ileile mtakayopewa. Akileta kalibu "ya maonyesho", ondokeni.

Ya tatu ni hesabu ya risasi yenyewe. Mwili wa mtu wa kilo 70 una ujazo wa lita 70 hivi. Gawa kwa 32 mara 32 mara 32, yaani 32,768, unapata sentimita za ujazo 2 na kidogo. Ongeza nguo, ngao, bunduki na kitako, inafika 4 hadi 5. Risasi ina gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo askari mmoja mzima anakula gramu 45 hadi 57. Kilo 2 za kwenye boksi, hata usipomwaga tone, zinatoa askari 35 hadi 44. Mkataba unadai mzigo wa kwanza uwe vipande 100. Zilizobaki utazitoa wapi? Kwao, kwa bei yao, maana kifungu kimoja kinakataza kutumia "malighafi isiyoidhinishwa". Hela nyingi wanazipata hapo, boksi ni mlango tu.

Wasiotaka kununua kwao wanaingia kwenye hatari kubwa zaidi: kuvunja betri chakavu za gari. Msifanye hivyo. Mle ndani kuna tindikali, na sahani zake si risasi safi bali zina oksidi na salfeti zinazotoa vumbi la sumu. Betri chakavu ni taka hatarishi, na kuzikusanya au kuzivunja kunahitaji kibali cha mamlaka za mazingira. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na hawa jamaa wanauza seti kwa kina mama wakiwaambia ni kazi ya kufanyia jikoni. Kuna jingine ambalo karatasi yao haisemi: tone la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kurusha risasi usoni. Kalibu iliyooshwa na isiyokauka sawasawa inatosha kumpofusha mtu.

Halafu tazameni askari mwenyewe. "Mjerumani wa Lugalo" niliyemwona kwenye picha zao amevaa kofia ya chuma. Kofia ile Wajerumani walianza kuigawa vitani Ulaya mwaka 1916, miaka 25 baada ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kuuawa pale Lugalo. Ni askari wa plastiki wa Vita vya Pili, wa dukani, aliyechovywa kwenye silikoni na kubandikwa jina jipya. Hata bunduki inasema: ya mwaka 1891 ilikuwa Mauser ya 1871, risasi moja moja, si Mauser ya 1898 yenye kasha la risasi mbele ya kifyatulio. Mkusanyaji anayetafuta vita hivi analiona kosa hilo kabla hajamaliza kufungua picha. Zaidi ya hayo, kunakili sanamu ya mtu mwingine kwa kalibu ni kuvunja hakimiliki, na nakala hujulikana: silikoni na metali hunywea kidogo zinapopoa, hivyo nakala hutoka fupi kuliko asili, na mikunjo ya nguo inakuwa imefifia. Ukibanwa, jina lililo kwenye mzigo ni lako.

Kwenye mkataba tafuteni maneno "bidhaa itakayokidhi ubora wa kampuni". Ubora haujaandikwa popote: hakuna kipimo, hakuna sampuli iliyosainiwa na pande mbili, hakuna muda wa kukagua. Maana yake wanaweza kukataa lolote, milele. Oda ya kweli ina sampuli moja iliyokubaliwa inayobaki kwako, ina kipimo (kwa mfano milimita 54 kutoka unyayo hadi macho, tofauti isiyozidi milimita 1), ina bei kwa kipande, na mnunuzi ndiye anayetoa kianzio. Mnunuzi anayetaka alipwe na muuzaji, huyo ananunua nini?

Kama kuna bonasi ya kuleta watu, basi kalibu ni pazia tu, huo ni upatu, na upatu ni kosa la jinai. Vikundi vilivyopata mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri viwe macho hasa, kwani deni litabaki kwa kikundi hata wakala akizima simu.

Tawi la pili la watu haohao linawalenga wageni na wenyeji wenye hela kidogo: "askari wa kale wa Mjerumani, wametoka boma la Iringa" au "wamefukuliwa misheni karibu na Tukuyu". Hapa nitakuwa mfupi, maana vipimo ni rahisi.

Chukua sumaku. Askari wa Kijerumani wa Elastolin na Lineol (majina ya watengenezaji wa zamani) walifinyangwa kwa unga wa mbao na gundi juu ya waya, kwa hiyo mara nyingi sumaku inaitikia kidogo, na sanamu ni nyepesi. Ukiambiwa ni Elastolin na mkononi ni metali tupu, rudisha. Risasi haishikwi na sumaku, na ukiisugua sehemu isiyo na rangi kwenye karatasi nyeupe inaacha mstari wa kijivu kama wa penseli.

Pima uzito kwa mizani ndogo ya sonara, ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu Chunya. Ipime sanamu ikiwa kavu, halafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, iweke sifuri, izamishe sanamu ikining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake. Gawa uzito kwa ujazo: risasi tupu inakaribia 11, mchanganyiko wa bati 7 na kitu, rezini 1 na kidogo. Wenye uwazi ndani wana tundu dogo, acha maji yaingie mle kwanza, la sivyo hesabu itadanganya. Elastolin na Lineol usizitie majini kabisa, zinavimba na kupasuka.

Taa ya kukagulia noti nayo inasaidia. Imulike lebo ya karatasi gizani. Ikiwaka buluu nyeupe, karatasi ina king'arisho ambacho kwenye karatasi za zamani za Mjerumani hakikuwepo. Uzee wa bandia hutengenezwa kwa siki na kiwi ya viatu: ukungu mweupe umeenea sawasawa kila mahali, na mikunjo inanuka kiwi. Uozo wa kweli wa risasi huanza sehemu sehemu, unainua rangi kutoka chini na kudondosha unga mweupe. Usiupulize wala kuunusa. Na mtu akisema kitu kimefukuliwa kaburini au kwenye uwanja wa vita, mwache hapohapo, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaweza kukugusa wewe mnunuzi pia.

Ambao hamjalipa: ombeni jina la kampuni mlitafute BRELA, ombeni TIN, na ombeni risiti ya Posta au ya kampuni ya usafirishaji inayoonyesha mzigo wowote waliowahi kupeleka nje. Malipo yaende kwenye lipa namba yenye jina la biashara hiyohiyo, si kwa "mhasibu wetu".

Ambao mmeshalipa: kama ni leo, pigeni huduma kwa wateja ya mtandao wenu sasa hivi muombe muamala uzuiwe, hela ikishatolewa kwa wakala, nafasi ya kuirudisha ni ndogo mno. Namba iliyopokea itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Hifadhini picha za meseji, namba za muamala, mkataba na kalibu zenyewe hata kama zimemeguka, msizitupe kwa hasira, maana ni ushahidi. Nendeni polisi mchukue RB, na mkiwa wengi nendeni pamoja, kila mmoja na maelezo yake yaliyoandikwa. Msikubali kulipia "ada ya kurejeshewa fedha". Anayeipiga simu hiyo ni yuleyule, amebadili laini tu.

Risasi iliyobaki fungeni kwenye kopo lenye mfuniko mbali na watoto. Sufuria mliyoyeyushia isirudi jikoni tena.